Wageni Wawili Kwenye Korongo la Oldupai

Ukifika ukingoni mwa korongo la Oldupai wakati wa kiangazi, kitu cha kwanza anachokuonyesha mwongoza wageni si mfupa wala jiwe. Anainama pembeni mwa njia, anashika jani nene lenye ncha kali kama msumari, anasema: "Hii ndiyo oldupai yenyewe." Ni mkonge pori. Wamasai huchuna nyuzi zake, wakasokota kamba, wakafungia majeraha. Siku niliyokwenda mimi, kijana yule alilipasua jani kwa ukucha, akavuta uzi mmoja mweupe wenye unyevu, akaukaza mbele ya macho yangu nione kwamba haukatiki. Ndipo akaeleza habari ya jina. Mjerumani alisikia vibaya, akaandika Oldoway. Mwingereza aliyemfuata akalipokea hivyo hivyo, akaligeuza kidogo likawa Olduvai, na ndivyo lilivyoingia kwenye vitabu vya dunia nzima.

Nimelifikiria kosa hilo mara nyingi tangu siku ile. Ujerumani na Uingereza zilipigana vita kuu mbili ndani ya miaka 31, na nchi yetu ikawa mojawapo ya vitu walivyonyang'anyana. Hata hivyo wataalamu wao walikabidhiana ramani, mifupa, nadharia, na hata kosa la tahajia, na katika makabidhiano yote hayo hakuna aliyeona haja ya kumrudia Mmasai na kumuuliza mmea wake unaitwaje. Naamini mabadilishano ya elimu baina ya mataifa hasimu ni jambo la kweli, na kwamba yaliokoa maarifa ambayo yangepotea. Nayasifu bila kusita. Lakini yale ya Oldupai yalikuwa mabadilishano ya watu wawili juu ya mali ya mtu wa tatu, na hesabu ya yule wa tatu mpaka leo haijafungwa.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba Oldupai inaanza na Louis na Mary Leakey, mume na mke waliochimba mabaki ya binadamu wa kale. Haianzi nao. Mwaka 1911 daktari wa Kijerumani, Wilhelm Kattwinkel, alipita kwenye korongo hilo akaokota mifupa iliyogeuka mawe, akairudisha kwao. Berlin ilishtuka, kwa sababu ndani ya mifupa hiyo kulikuwa na ya farasi wa kale mwenye vidole vitatu, mnyama aliyekwisha kutoweka duniani. Miaka miwili baadaye, 1913, akatumwa mwanajiolojia Hans Reck. Hakuwa mgeni wa nchi. Mwaka 1912 yeye ndiye aliyesimamia uchimbaji wa mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, yaani dinosaria, kule Tendaguru, nyuma ya Lindi, mahali ambapo Wajerumani walichimba tangu 1909 hadi 1913 kwa jasho la mamia ya wenyeji. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilitoka kwenye kilima kile kuelekea pwani, sehemu kubwa ikiwa juu ya vichwa na mabega ya watu. Hao walikuwa watu wa nchi ambayo miaka michache tu nyuma ilikuwa imeteketezwa katika vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata.

Pale Oldupai, Reck alifanya kazi ambayo haijazeeka. Aliusoma ukuta wa korongo kama mtu anavyosoma kurasa, akayagawa matabaka yake kuanzia chini kwenda juu: Tabaka la Kwanza, la Pili, la Tatu lile jekundu, na kuendelea. Mtaalamu yeyote anayeandika juu ya Oldupai leo bado anatumia hesabu hiyo. Kisha, mwaka ukielekea kwisha, mmoja wa wafanyakazi wake akakuta mifupa ya mtu mzima, mzima kabisa, amejikunja ndani ya Tabaka la Pili. Kama mtu yule alikuwa na umri sawa na tabaka alimolala, basi alikuwa binadamu wa kale kuliko wote waliojulikana wakati huo. Reck aliamini hivyo. Alirudi Berlin mwanzoni mwa 1914 na madai makubwa, wenzake wakaanza kumpinga, na kabla ubishi haujaiva, vita vikaanza.

Hapa ndipo kisa kinaponigusa. Reck alikuwa amerudi huku Afrika Mashariki vita vilipomkuta, na mwisho wake akawa mateka wa Waingereza. Vita vilipokwisha, Tanganyika ikawekwa mikononi mwa Uingereza. Mwaka 1919 washindi wakaunda Baraza la Kimataifa la Utafiti na kuifungia Ujerumani mlango. Wanasayansi wa Kijerumani wakakatwa kwenye mikutano na vyama vya kimataifa. Zuio hilo liliondolewa mwaka 1926, na hata walipoalikwa, Wajerumani wenyewe walikataa kuingia kwa uchungu wa kuwa wamefukuzwa. Miaka yote hiyo mifupa ya Oldupai ilikuwa Berlin na Munich, na korongo lilikuwa chini ya bendera ya Mwingereza. Mwenye mifupa hana korongo, mwenye korongo hana mifupa. Kila mmoja ameshika nusu ya kitu, na nusu moja haisemi kitu bila ya mwenzake.

Aliyevunja ukuta ule alikuwa kijana aliyezaliwa Kabete, nje kidogo ya Nairobi, mwaka 1903. Louis Leakey alikuwa mtoto wa wamisionari wa Kiingereza na alikua akizungumza Kikuyu. Mwaka 1924, akiwa bado mwanafunzi wa Cambridge, alipata kazi kwenye msafara wa makumbusho ya London uliokwenda kuchimba wapi? Tendaguru hiyo hiyo. Waingereza walikuwa wameirithi nchi, wakataka na mijusi yake. Kiongozi wa msafara, William Cutler, alikufa kwa malaria pale Lindi mwaka 1925. Leakey alikuwa ameshaondoka kurudi masomoni. Kwa hiyo Reck na Leakey, kabla ya kufanya kazi pamoja, walikwisha kukanyaga kilima kimoja kwa nyakati tofauti, kila mmoja akiwachimbia watu wake.

Mwaka 1929 Leakey alikwenda Berlin kuonana na Reck na kutazama alivyovileta kutoka Oldupai. Miongoni mwa mawe akaona yaliyofanana, kwa macho yake, na zana zilizochongwa na binadamu. Reck akakataa. Alikuwa ameshinda miezi mitatu kwenye korongo lile na hakuona hata zana moja ya mawe. Ubishi huu ulikuwa na sababu. Macho ya Ulaya yalifundishwa kutafuta zana za gumegume, jiwe gumu lenye uso laini, linalomeguka kwa ukali na kung'aa. Oldupai haina gumegume. Watu wa kale wa pale walichonga mawe ya volkeno yenye rangi ya kijivu na meusi, ambayo ukiyatazama haraka unaona kokoto tu. Leakey alikuwa amekwisha kuyaona mashoka ya namna hiyo kule Kariandusi, karibu na Gilgil, na jicho lake lilikwishazoea.

Wakawekeana dau la pauni 10. Leakey akasema akifika korongoni atapata zana ndani ya saa 24. Mwishoni mwa Septemba 1931 wakafika, wakitokea Nairobi kwa magari, mahali ambapo Reck hakutegemea kupaona tena maishani mwake. Leakey hakuhitaji saa zote 24. Asubuhi ya siku ya kwanza shoka la mawe lilikuwa mkononi mwake.

Hadithi ya dau hupendwa sana na waandishi, na mimi naipenda pia, lakini wengi huisimulia kama mchezo wa mabwana wawili porini. Nadhani kilichomo ndani yake ni kizito zaidi. Mkono mtupu haulambwi. Leakey asingekuwa na njia ya kuingia Tanganyika, Reck asingerudi. Reck asingekuwa na ramani ya matabaka kichwani na mkusanyiko wa Berlin makabatini, Leakey asingekuwa na sababu ya kumbeba. Walihitajiana. Uhasama wa serikali zao haukuwazuia kwa sababu kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hawezi kukipata kwingine. Tukumbuke hilo pale tunapoambiwa kwamba elimu haina mipaka. Elimu ina mipaka mingi. Huvukwa na mtu aliyebeba kitu.

Tena katika msafara ule kulikuwa na Vivian Fuchs, mwanajiolojia kijana wa Kiingereza ambaye baadaye alijulikana duniani kwa kuvuka bara la Antaktika. Baba yake alikuwa Mjerumani aliyehamia Uingereza, na wakati wa vita alifungwa kambini kama raia wa nchi adui. Mtoto wa mfungwa wa Waingereza, mateka wa zamani wa Waingereza, na mtoto wa wamisionari wa Kiingereza, wote wakichota maji yale yale machafu ya mabwawa. Sidhani kama kuna mkataba wa amani uliofanya kazi kama kambi ile.

Lakini urafiki nao una hatari yake. Leakey aliingia Oldupai akiwa na mashaka juu ya yule mtu wa Reck wa mwaka 1913. Baada ya kukaa pamoja na kuonyeshwa mahali penyewe, alikubali, na mwaka huo huo wa 1931 yeye, Reck na Arthur Hopwood wa makumbusho ya London waliandika kwa pamoja katika jarida la Nature kwamba mifupa ile ni ya umri mmoja na Tabaka la Pili. Walikosea wote watatu. Mwenzako akikuonyesha kwa kidole na imani kubwa, unaweza kuona anachokiona yeye.

Waliowaokoa ni watu waliobaki nyumbani. Mifupa ilikuwa Munich, kwa Profesa Theodor Mollison, na bado ilikuwa imeshikana na udongo ulioikumbatia. Mollison akatuma London udongo ule mkavu, uliokwanguliwa kutoka kwenye mifupa. Percy Boswell, mwanajiolojia wa Imperial College, akaupima. Ndani yake akakuta chembe nyekundu, na wekundu wa Oldupai ni wa Tabaka la Tatu. Akakuta na vipande vya chokaa ya tabaka la juu zaidi. Chembe za tabaka la juu zinafikaje ndani ya tabaka la chini? Zinafika pale mtu anapochimba kaburi, akamlaza marehemu wake, akafukia. Yule mtu wa Oldupai alikuwa mtu kama sisi, aliyezikwa na watu wake zama za karibu mno kuliko walivyodhani, kwenye shimo lililopenya hadi Tabaka la Pili.

Machi 1933 jarida lile lile likachapisha masahihisho. Waliotia saini ni pamoja na Leakey, Reck, Hopwood na Boswell. Hitler alikuwa ameshika madaraka tangu Januari. Mjerumani aliyekuwa amelitetea dai lake kwa karibu miaka 20, tangu 1914, aliweka jina lake karibu na majina ya Waingereza na kukiri kuwa alikosea, kwa sababu ya kijiko cha udongo kutoka Munich. Nikitaka kumweleza mwanangu heshima ya elimu ni nini, namweleza habari ya udongo ule.

Tuweke kando yake kisa kingine cha miaka ile ile. Mwaka 1932, kule Kanam, upande wa Ziwa Victoria nchini Kenya, Leakey alipata kipande cha taya alichokidai kuwa cha kale mno. Boswell yule yule akataka kupaona mahali kwa macho yake. Alipofika mwaka 1935, Leakey hakuweza kumwonyesha, kwa sababu vigingi vya chuma alivyovipigilia kuweka alama vilikuwa vimeng'olewa na wenyeji. Chuma ni chuma, na wavuvi wana kazi nayo. Boswell alirudi akaandika maneno makali, na jina la Leakey likachafuka kwa muda mrefu. Vitabu vingi huwalaumu wenyeji au hucheka tu. Mimi huuliza swali moja: aliyepigilia vigingi vile aliwaambia nini watu wa kijiji? Angekaa nao jioni moja chini ya mti, akaeleza chuma hiki kinalinda nini na kwa faida ya nani, labda vingebaki. Mawasiliano yalikuwa yakivuka bahari kutoka Munich hadi London, na hayakuvuka hatua 100 kutoka hemani hadi nyumba ya jirani.

Na kwa kweli watu wa tatu walikuwapo kila mahali. Tendaguru ilikuwa na Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji na fundi wa kusafisha mifupa, ambaye bila mikono yake, vingi vya vitu vilivyofika Berlin vingefika vumbi. Mjusi mrefu uliosimamishwa katika makumbusho ya Berlin mwaka 1937, wenye kimo cha zaidi ya mita 13, umepigwa picha na mamilioni ya watu. Jina la Boheti liliingia katika majina ya kisayansi mwaka 2007, pale mjusi mmoja wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii. Karibu miaka 100 baada ya kazi. Nimefurahi kwamba limeingia, na nimehesabu miaka.

Oldupai nayo ina ushahidi wake wa ajabu, nao uko kwenye ramani. Maeneo ya kuchimba yalipewa majina ya watu yakifuatwa na neno la Kiswahili korongo, halafu yakafupishwa. FLK ni Frida Leakey Korongo, alikopata Mary Leakey fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, tarehe 17 Julai 1959. MNK ni Mary Nicol Korongo. Kuna JK, korongo la Juma. Kuna EF-HR, na HR ni Hans Reck. Maprofesa wa Tokyo, Madrid na California huandika herufi K kila siku bila kujua labda kwamba wanaandika Kiswahili. Lugha yetu ilikuwa kambini, ndiyo iliyotumika kuagiza maji, kuita watu kazini, kuonyesha mahali pa kuchimba. Watu walioizungumza hawakutia saini barua hata moja.

Kama hoja yangu inaonekana ni ya hisia tu, tazama Laetoli, kilomita kama 45 kusini mwa Oldupai. Mwaka 1935 mwenyeji mmoja alifika kambini kwa Leakey na kusema anajua mahali pengine penye mifupa ya mawe. Wakaenda. Katika waliyookota kulikuwa na jino moja, likapelekwa London, likaandikishwa kama la nyani, likawekwa kabatini. Miaka minne baadaye, 1939, mahali pale pale, Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen akapata kipande cha taya la juu chenye meno, kikapelekwa Ujerumani. Kohl-Larsen alikuwa mfuasi wa chama cha Hitler na alikuwa akichunguza nchi iliyokuwa chini ya Waingereza. Alikuwa tayari amepata vipande vya fuvu kando ya Ziwa Eyasi mwaka 1935, na Leakey alikwisha kuandika habari zake katika Nature mwaka uliofuata. Njia ya mawasiliano ilikuwa bado ipo, japo nyembamba. Kisha vita vya pili vikaifunga.

Jino London, taya Ujerumani. Vyote viwili, tunajua sasa, ni vya aina moja ya kiumbe: Australopithecus afarensis, babu wa kale aliyeacha nyayo zake kwenye majivu ya volkeno pale pale Laetoli yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Taya lilichapishwa mwaka 1950 kwa jina lisilodumu. Jino lilikaa kabatini likiitwa la nyani kwa zaidi ya miaka 40, mpaka nyayo zilipokwisha kugunduliwa na spishi yenyewe kupewa jina mwaka 1978. Sikisii kwamba mtu angelikuta taya na jino juu ya meza moja angeyatambua siku hiyo hiyo. Ila nafasi hiyo haikuwahi kutolewa kwa mtu yeyote, maana meza yenyewe haikuwapo. Reck alikufa Lourenço Marques, Maputo ya leo, mwaka 1937, na sehemu kubwa ya mifupa ya yule mtu wake ikapotea Ujerumani katika miaka ya vita, fuvu likasalia. Mabadilishano yanayotegemea urafiki wa watu wawili hufa na watu hao.

Sasa nije kwenye swali gumu, ambalo wanaosifu mabadilishano haya hulikwepa. Je, kuna wakati ambapo mlango unapaswa kufungwa? Fuvu la Zinjanthropus lilipopatikana, Leakey alilipeleka kwenye mkutano wa wataalamu wa Afrika uliofanyika Leopoldville, Kinshasa ya leo, Agosti 1959, kisha likakabidhiwa kwa Phillip Tobias wa Johannesburg alichunguze. Tobias alikuwa bingwa wa kweli na mpinzani wa ubaguzi wa rangi. Lakini mwaka 1961 Tanganyika ilipata uhuru, mwaka 1963 Dar es Salaam ikawa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Afrika, na mzee wetu wa miaka milioni 1.75 alikuwa bado kwenye meza ya chuo kikuu ndani ya nchi ya makaburu. Lilirejeshwa mwaka 1965 na sasa ni mali ya Makumbusho ya Taifa. Sitaki kumlaumu Tobias, aliyelifanyia kazi ya heshima kubwa. Nasema tu kwamba wapiganaji waliokuwa wakijiandaa kwenye kambi zetu wangekuwa na haki ya kuuliza.

Mwaka 1986 swali hilo lilipasua fani nzima. Mkutano mkubwa wa dunia wa wanaakiolojia ulikuwa ufanyike Southampton, Uingereza, na waandaaji chini ya Peter Ucko waliamua kutowapokea wataalamu kutoka Afrika Kusini na Namibia. Chama cha kimataifa kikajitoa, kikisema uhuru wa elimu umevunjwa. Mkutano ukafanyika hata hivyo, ukazaa Kongamano la Dunia la Akiolojia. Nimesoma hoja za pande zote mbili na nasimama na Southampton. Kuna waliofananisha zuio lile na lile la 1919, kwamba yote ni siasa kuingilia elimu. Tofauti naiona wazi. Mwaka 1919 walioamua walikuwa washindi wakiwaadhibu walioshindwa, na waliochimbiwa mababu hawakuulizwa. Mwaka 1986 sauti zilizodai zuio zilitoka pia kwa Waafrika na kwa wengine ambao historia yao ndiyo iliyokuwa ikichimbwa. Yule mtu wa tatu alikuwa amefika mezani kwa mara ya kwanza, na alipofika alikuwa na la kusema. Miaka mitatu baadaye, 1989, kongamano hilo hilo liliafikiana kule Vermillion, Dakota Kusini, kwamba mabaki ya wafu yaheshimiwe na matakwa ya jamii zao yasikilizwe. Mapatano kama hayo yasingeandikwa na Reck na Leakey peke yao, hata wangekaa kambini miaka kumi.

Hali yetu leo si ile ya 1931. Tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985, na kimetoa watu kama Audax Mabulla, aliyeongoza utafiti Oldupai bega kwa bega na Wahispania na aliyewahi kuwa mkurugenzi mkuu wa Makumbusho ya Taifa. Mwaka 2000 Wajerumani na Watanzania walirudi Tendaguru pamoja. Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea na kuomba msamaha kwa yaliyofanywa wakati wa Maji Maji. Sidharau hata kimoja kati ya hivyo.

Ila nimewahi kuomba, kwa ajili ya utafiti wangu mdogo, nakala ya kurasa chache za shajara ya uchimbaji wa enzi za Wajerumani kutoka taasisi moja ya Ulaya. Jibu lilikuja baada ya miezi minne: karibu sana, ufike mwenyewe, chumba cha kusomea kinafunguliwa siku mbili kwa wiki. Barua ilikuwa ya adabu. Aliyeiandika bila shaka aliona amenifungulia mlango. Leakey naye mwaka 1929 alifunguliwa mlango wa namna hiyo, akaingia, na faida ikawa kubwa. Yeye alikuwa na nauli, na hakuna ofisa wa ubalozi aliyemdai taarifa ya benki.

Kwa hiyo tunapozungumza na Berlin, London na kwingine, na mazungumzo yapo, tusianze na mjusi mkubwa peke yake. Kumrudisha yule ni jambo la serikali, la hadhi, la jengo la kumweka, na litachukua muda. Tuanze na vilivyo vidogo: madaftari ya uchimbaji, orodha za wafanyakazi na mishahara yao, udongo ulio kwenye vichupa, picha zenye sura za watu wasiotajwa. Vipigwe picha vyote, viwekwe wazi, na maelezo yaandikwe kwa Kiswahili pia, maana ndiyo lugha iliyotumika kambini. Tuombe na vitu vya kuazimwa, vije Dar es Salaam na Arusha kwa mwaka mmoja au miwili, vichunguzwe na vijana wetu, kama Zinjanthropus alivyokaa Johannesburg miaka yote ile.

Laetoli unaweza kutembea kwa mguu siku moja ukayapita maeneo yote mawili, lilikookotwa jino la 1935 na kilikopatikana kipande cha taya cha 1939, ukarudi kabla jua halijazama. Mwanafunzi wa Mlimani anayetaka kuvitazama vyenyewe anahitaji viza mbili.